Baba mdogo aliuliza, kwani huko juu kuna geti?

Sasa bwana, hii stori nimekaa nayo miezi kadhaa naona aibu kuiandika, ila juzi pale Kisongo, uwanja wetu mdogo wa ndege hapa Arusha, nimemkuta jamaa anawasimulia watu kwa namna yake, na kwa namna yake mimi nilifukuzwa na ndege mbili za jeshi halafu nikalala ndani siku tatu, kwa hiyo bora niseme mwenyewe. Sijafukuzwa na ndege yoyote. Sijalala ndani. Ila ni kweli, niliingia na ndege pasipoingiwa.

Wanaonijua wanajua mi siyo rubani wa kazi. Nauza vipuri vya magari hapa Arusha. Leseni yangu ni ile ya binafsi, yani naruhusiwa kurusha ndege ndogo na kubeba ndugu na marafiki ila siyo kumtoza mtu nauli, na hiyo Cessna 172 yenyewe siyo yangu peke yangu, tuko wanne tumechangia, mmoja wetu ndo ana hela za kweli, sisi wengine tunasukumasukuma tu mwezi uishe. Mke wangu anaiita "yule mke mdogo" na sina cha kumjibu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, mwezi wa saba, ile baridi ya Arusha ambayo mpaka saa nne asubuhi Meru huioni, unaambiwa tu ipo. Ijumaa nilikuwa nimempeleka baba mdogo Tanga kwenye posa ya mdogo wangu, maana yeye ndo msemaji wa familia, na kwa mdomo wake ule wakwe walishusha mahari wenyewe bila kubanwa. Baba mdogo ni mzee wa Kibosho, amepanda kila kitu maishani mwake mpaka treni ya zamani ya kwenda Dar, ndege ndogo ndo ilikuwa bado. Wakati wa kwenda alifumba macho njia nzima. Wakati wa kurudi akawa mwenyeji, ameshika hedifoni vizuri, anaongea kama mtangazaji.

Njia ya Tanga kuja Arusha ni rahisi mno, hilo ndo linaniuma. Unaishika reli ya zamani, ile Wajerumani walioianzisha Tanga ikafika Moshi kabla ya Vita ya Kwanza, unapita Muheza, Korogwe, Mombo, Usambara iko kulia kwako, halafu Same, Upare kulia kwako, halafu unaiacha reli unalikata bwawa la Nyumba ya Mungu, unawaomba KIA, ule uwanja mkubwa wa Kilimanjaro, wakupitishe, Mererani hiyo hapo chini, unatua Kisongo. Saa moja na dakika arobaini hivi kwa ndege yetu. Mtoto wa darasa la nne ukimpa ramani anafika.

Tulipopita Mombo mawingu yakawa yamekaa kwenye milima yameshuka mpaka miguuni, kama mtu aliyejifunika blanketi mpaka vidole. Sisi wa ndege hizi tunaruka kwa macho, lazima uone ardhi na ukae mbali na wingu, kwa hiyo nikakunja kushoto kidogo, upande wa mbuga, kweupe, hakuna shida. Kidogo yangu ilikuwa kama digrii 20. Nikajiambia nikilipita hili wingu narudi kulia.

Sikurudi.

Naomba niseme ukweli hapa maana huyu jamaa wa Kisongo anasema nilikuwa nachezea simu. Sikuwa nachezea simu. Tableti yangu ndo ramani yangu, nimeibana pembeni ya dashibodi, kuna kandege kadogo kanatembea juu ya ramani, raha mustarehe, na jua la saa nne lilikuwa linaipiga usoni kwa muda wote ule, mara ikazima ikaandika kwamba imepata joto sana isubiriwe ipoe. Ramani ya karatasi ninayo. Iko kwenye begi. Begi liko kiti cha nyuma, juu yake kuna mfuko wa dagaa na machungwa ya Muheza ya wakwe. Na baba mdogo ndo alikuwa amefika pale kwenye stori ambapo mjomba wa binti anasimama kudai blanketi la bibi na yeye anamjibu, na jibu lenyewe siwezi kuliandika hapa, nilicheka mpaka machozi.

Kuna hesabu tulifundishwa mapema kabisa: ukikosea uelekeo digrii moja, ukishakwenda maili 60 umetoka nje ya mstari wako maili moja, za baharini hizo. Sasa mimi digrii 20, dakika kumi na tano hivi, kwa mwendo wetu ni maili kama 27. Piga mwenyewe. Ni maili tisa, zaidi ya kilomita 16, na ndani ya ndege hujui kitu, injini inaunguruma vilevile, mafuta yapo, chini ni miti ya miiba na maboma ya Wamasai, na boma moja linafanana na boma lingine kama mapacha. Ukipotea na gari utaona lami imeisha. Huku hamna kinachoisha.

Nilianza kushtuka nilipoona bwawa halitokei. Nyumba ya Mungu siyo kidimbwi, ni ziwa kabisa, ukiwa juu unaliona mapema. Nikaangalia mbele, hamna. Nikaangalia kulia, wingu. Na hapa ndo nataka nikae kidogo, kwa sababu watu wananiuliza "kwani si ungeuliza?" Ndiyo, ningeuliza. Redio ilikuwa mkononi, tena nilikuwa nimeshaiweka kwenye masafa ya waongozaji wa KIA. Kubonyeza kitufe, kusema sina uhakika nilipo, naomba msaada, basi. Wale watu kazi yao ni hiyo, na hakuna mwongoza ndege hata mmoja niliyewahi kukutana naye aliyemcheka mtu aliyeomba msaada.

Ila redio ya ndege siyo simu. Ukiongea unaongea na wote. Asubuhi ile kulikuwa na ndege za Caravan kama tatu zimetoka Kisongo kwenda Serengeti, sauti zao nazijua, ni watu ninaokunywa nao chai, wanaruka kila siku ya Mungu, na mimi kwao ni yule mwenye duka la vipuri anayeruka wikiendi. Nikaona nikisema nimepotea kati ya Same na Arusha, njia yenye reli, barabara, ziwa na mlima mrefu kuliko yote Afrika, nimekwisha. Kwa hiyo nikanyamaza. Nikasema ngoja nisogee mbele kidogo litatokea. Hiyo "ngoja nisogee kidogo" ilichukua dakika sita. Dakika sita kwetu ni kilomita 20.

Mara nikaitwa kwa namba yangu ya usajili, sauti imetulia, wananiuliza naelekea wapi. Nikajibu kwa sauti nzito ya kirubani, naelekea Nyumba ya Mungu. Kimya kama sekunde mbili. Akaniuliza, je, bwawa unaliona? Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu "nalitegemea."

Hilo neno ndo wameniita nalo mpaka leo. Nikiingia pale kwenye chai, "Mzee Nalitegemea karibu."

Yule bwana hakucheka. Akaniambia taratibu kwamba nimo ndani ya eneo lenye kizuizi, nigeuke kulia niende uelekeo alionipa, nibaki kwenye urefu uleule, na akanipa namba mpya ya kuweka kwenye transponda, kile kidude kinachojibu rada. Sitasema eneo lipi, na kuna vitu viwili vitatu vya njia nimevibadilisha kidogo msianze kuchora. Ila mjue tu siku hizi KIA ina rada, ni mojawapo ya zile nne za kiraia zilizofungwa nchini, pamoja na Dar, Mwanza na Songwe. Wanakuona.

Baba mdogo alikuwa anasikia kila kitu kwenye hedifoni. Kiingereza anakijua vizuri, alikuwa karani wa ushirika wa kahawa. Akaniangalia nilivyoloa jasho, akauliza, "Huyo ndo mwenye shamba?"

Nikamwambia ndiyo, ni kama hivo.

"Kwani huko juu kuna geti?"

Nikageuka. Haikupita muda tukaliona bwawa, liko palepale lilipokuwa toka miaka ya sitini, upande wa pili kabisa na nilikokuwa nalitafuta. Tukanyooka, tukapitishwa, tukafika juu ya Mererani, ule ukuta wa machimbo unaonekana vizuri mno kutoka juu, kilomita 24 zinazunguka tanzanite, Magufuli aliuzindua Aprili 2018. Baba mdogo akauangalia muda mrefu akasema, "Hawa wameweka ukuta. Nyie mmeweka nini?"

Hamna. Tumeweka wino. Anga lina mipaka iliyochorwa kwenye ramani na kuandikwa kwenye vitabu, ukitoa kichwa dirishani huoni kitu. Herufi ni tatu na ziko hivo dunia nzima, P ni marufuku, R unaingia kwa masharti au kwa ruhusa, D ni hatari, labda kuna watu wanapiga shabaha. Mbele yake zinakaa herufi za nchi, za kwetu HT, za Kenya HK, nyuma inakaa namba. Halafu kila eneo lina sakafu na dari, lingine linaanza ardhini, lingine linaanzia juu kwa hiyo unaweza kupita chini yake kihalali kabisa, na kuna mengine yanafanya kazi saa fulani tu au yanawekwa kwa siku mbili kwa sababu kuna kiongozi au mazoezi, hayo ya muda unayakuta kwenye matangazo ya marubani na usiposoma matangazo asubuhi hujui. Kuna wenzetu hawakosei pembeni hata kidogo, wanakosea juu na chini, umesahau kurekebisha altimita, ile saa ya kupimia urefu, kwa mgandamizo wa hewa wa huko ulikofika, hektopaskali kumi tu ukikosea ni kama futi 300, wewe unajiona uko chini ya dari ya watu kumbe uko sebuleni kwao.

Na sisi wa huku tuna lingine, Kenya iko hapo. Ukizunguka Kilimanjaro kwa upande wa Rombo kumwonyesha mgeni kilele cha Mawenzi, ukajisahau kidogo Tarakea, uko Loitokitok, na mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa nchi kuhusu usafiri wa anga, kifungu cha kwanza kabisa kinasema anga ya nchi ni ya nchi hiyo peke yake. Mpaka wenyewe nao ni mstari wa wino.

Baba mdogo akauliza sasa wangetufanya nini. Nikamsimulia ya Washington, maana kila mwanafunzi wa urubani anaijua. Tarehe 11 Mei 2005, watu wawili ndani ya Cessna 150, ndogo kuliko hii yetu, mmoja wao bado mwanafunzi, wametoka Pennsylvania wanakwenda zao North Carolina kwenye maonyesho ya ndege, hawana neno na mtu. Wakaingia kwenye anga iliyofungwa ya Washington, wakafika maili kama tatu kutoka Ikulu ya Marekani. Ikulu na Bunge wakaambiwa wakimbie, watu wazima na suti zao wanatimua mbio, F-16 zimepaa zinarusha mioto ya kuwaonya, helikopta iko pembeni, mwisho wakasindikizwa wakatua Frederick, Maryland. Wakapigwa pingu pale uwanjani. Na Bush mwenyewe wakati huo hakuwepo, alikuwa nje ya mji anaendesha baiskeli, aliambiwa mambo yameshaisha. Baba mdogo hiyo ya baiskeli aliipenda kuliko yote.

Sikumsimulia ya Wakorea. Ile ilikuwa ndege ya abiria, Korean Air Lines 007, tarehe 1 Septemba 1983, haikufuata njia iliyopangiwa, ikatoka kidogokidogo kwa masaa mpaka ikawa juu ya Urusi ya wakati ule, na ndege ya kivita ikaidungua. Watu 269. Hakuna aliyepona. Mwaka uliofuata nchi zikakaa zikaongeza kifungu kwenye ule mkataba wa Chicago kwamba silaha zisitumike dhidi ya ndege ya kiraia iliyo angani. Na baada ya ajali ileile Reagan alitangaza kwamba GPS, ambayo ilikuwa ya jeshi, ikikamilika raia wataruhusiwa kuitumia. Yani kale kandege kadogo kwenye tableti yangu, kenyewe kana ukoo na watu waliopotea. Nilikumbuka hilo usiku kitandani, siyo angani. Angani nilikuwa nawaza leseni.

Kama na wewe unaruka, kuna mambo ya kukariri kabla hujayahitaji. Ukiona ndege ya jeshi imekuja kushoto kwako inatikisa mabawa halafu inakunja taratibu, inasema nifuate, na wewe unatikisa mabawa unafuata, usianze kujieleza kwa mikono. Redio weka 121.5, masafa ya dharura. Namba ya dharura kwenye transponda ni 7700. Na 7600 ni ya redio iliyokufa, msije mkafanya kama rafiki yangu mmoja aliyeweka hiyo huku anaongea vizuri kabisa na mnara, wakawa wanamwuliza "unatusikia?" anajibu "nawasikia", wanamwuliza tena.

Tulipotua niliambiwa nipige simu namba fulani. Kila rubani anajua ukiambiwa upige simu baada ya kutua siyo kupewa hongera. Nikapiga, nikaambiwa nije Jumanne na logibuku, lile daftari la safari zangu, leseni na maelezo ya maandishi.

Pale uwanjani watu wakaanza kunifariji kwa njia yao. Mmoja akasema we umekosea maili tisa tu, hapahapa kwetu mwaka 2013, tarehe 18 Desemba, Boeing 767 imejaa abiria inakwenda KIA ikatua Kisongo. Kweli ilitua, Arusha nzima ilikwenda kuiangalia. Viwanja vyote viwili ranwei zake zimeelekea vilevile, mashariki na magharibi, ila ya kwetu haifiki hata kilomita mbili na ya KIA ni zaidi ya tatu na nusu, kwa hiyo lile dude likaishia kwenye majani, na ngazi ndefu za kuwashushia watu hamna, wakakaa humo ndani masaa. Na wale walikuwa wawili mbele, wana kompyuta za kila aina. Nilikunywa chai yangu nikajisikia nafuu, nafuu ya uongo ila nafuu.

Jumatatu jioni baba mdogo akapiga simu, nipitie Kibosho kabla sijaenda huko ninakoitwa. Nikamwambia baba mdogo ni Jumanne asubuhi, na ni Arusha hukuhuku, nije Moshi kufanya nini tena? Akasema njoo. Unajua wazee. Nikawasha gari, nikafika saa mbili usiku, akanikalisha, akanipa ndizi na nyama, hakusema chochote mpaka nimemaliza. Halafu akatoka na tochi mpaka mpakani mwa kihamba, shamba lake la nyumbani, na akarudi na jani la isale amelifunga fundo.

Kwa wasio wa huku, isale ni ule mmea wa majani marefu unaouona mipakani kwenye vihamba vya Wachagga wote. Ndo alama ya mpaka, hakuna anayeling'oa. Na ndo hilohilo unalolibeba ukienda kuomba msamaha, ukimpelekea mtu isale limefungwa fundo, hata kama umemkosea vipi, ni vigumu sana akukatalie. Nimelijua toka mtoto ila sijawahi kufikiria kwamba kitu kinachosema hapa ni kwangu ndo hichohicho kinachosema nisamehe nimepita.

"Umepita kihamba cha mtu bila hodi," akasema. "Utaendaje mikono mitupu?"

Nikalichukua kwa heshima tu, mpango wangu ukiwa kuliacha kwenye gari.

Ile ofisi sitaitaja. Nilimkuta baba mmoja wa makamo, miwani, mafaili, hana haraka. Akasoma maelezo yangu mpaka mwisho. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili, nimeeleza wingu, nimeeleza tableti, nimeeleza joto, nimetaja mpaka mfuko wa dagaa. Akauliza swali moja tu, "Toka uliposhtuka kwamba hulioni bwawa mpaka tulipokuita sisi, ni dakika ngapi?" Nikasema sita. "Na hizo dakika sita haziko humu." Kweli hazikuwemo. Kurasa mbili nzima, dakika sita sikuziandika.

Sijui nini kilinituma, nikaingiza mkono kwenye begi, maana asubuhi mkono wangu wenyewe ulikuwa umelitoa kwenye gari, nikaliweka lile jani mezani juu ya faili lake.

Akaliangalia. Akavua miwani. "We wa wapi?"

"Kibosho."

"Mi Rombo." Akalishika kwenye fundo, akaligeuza, akacheka mpaka mabega yanatikisika, akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje aone. Halafu akaliweka vizuri pembeni ya kompyuta yake, akavaa miwani, akavuta karatasi nyeupe akanisukumia.

"Msamaha nimeupokea, sina namna. Sasa kaa uandike upya, anzia kwenye zile dakika sita. Halafu utaruka masaa matano na mwalimu kabla hujabeba mtu, na hiyo ramani ya karatasi nataka uje nayo kila siku nione imekunjwakunjwa."